Mgongo wa Baba Mkwe

Kwa miaka kumi na moja nilimjua baba mkwe wangu kwa mgongo. Bega lake la kushoto lilikuwa chini kidogo ya la kulia. Shingo ilikuwa na mikunjo miwili. Koti lake la kijivu la kazini lilikuwa na kiraka kwenye kiwiko, alichokishona mwenyewe kwa uzi mweusi, mishono mikubwa kama ya gunia la viazi. Mtu angeniuliza miaka ile ana macho ya namna gani, ningesema sijui, na ningekuwa nasema kweli.

Mimi ni Mhehe wa upande wa Nyololo. Shule nimeishia darasa la saba. Kwetu baba mkwe unampigia goti, unamsalimia, unamletea maji ya kunawa. Nilipoolewa Uyole kwenye familia ya Wanyakyusa, mume wangu aliniambia tukiwa bado kwenye basi, Makambako tumeshaipita: "Baba yangu hutamsalimia. Hutamtazama. Mkikutana njiani mmoja anapisha. Na hamtakula chombo kimoja."

Nilidhani ananitania. Nikamwuliza nimemkosea nini mtu ambaye hata sijamwona.

"Hujamkosea," akasema. "Ndiyo heshima yenyewe. Atakupa hiyo hiyo na wewe."

Pale mtaani wengi walikuwa wameshaiacha desturi hiyo. Wakamwana wa majirani walipeana mikono na wakwe zao, wakapanda nao bajaji kwenda sokoni. Baba mkwe hakuiacha. Alikuwa na rundo la funguo mfukoni, nyingine za milango ambayo haipo tena, na alipokaribia kona ya nyumba alizitikisa. Nikisikia funguo, naingia ndani. Mimi nikitaka kutoka, nakohoa mara mbili. Tuliishi hivyo, kwa funguo na kikohozi, na nyumba ilikuwa na amani. Lazima niseme hilo, kwa sababu nikiwahadithia watu wa kwetu huwa wananihurumia bure.

Kazi yake ilikuwa mizani. Miaka mingi alipima malori kwenye mizani ya barabarani, na alipostaafu hakuacha kupima, alibadilisha mizigo tu. Alinunua mizani ndogo ya dukani, ya sahani, akaiweka kwenye kimeza barazani na kuifunika kitambaa kama redio ya zamani. Alipima kuku kabla hajauzwa na baada ya kuchinjwa. Alipima barua. Mjukuu alipozaliwa, binti yangu Tumaini, alipelekwa barazani akiwa na wiki mbili, akapimwa, na mama mkwe akarudi naye ndani akisema, "Babu yako anasema karatasi ya kliniki imekuongezea gramu sitini."

Usingeweza kumwambia kitu ni kikubwa. Alisema, "Usiniambie kikubwa. Niambie kilo." Mchungaji alipohubiri kuhusu mzigo mzito wa dhambi, yeye, walivyonisimulia, aliinama kwa mama mkwe akamwuliza, "Ekseli ngapi?" Ilikuwa ibada ya Pasaka. Mama mkwe hakuongea naye mpaka jioni.

Mtu huyo aliyepima kila kitu hakuwahi kunipimia maneno hata kijiko kimoja. Lakini bawaba ya mlango wangu ilipolegea, niliamka asubuhi nikakuta imekazwa. Nilipojifungua, nilikuta barazani sukari na blanketi jipya, na mama mkwe akaapa kwamba si yeye. Viatu vya Tumaini vya shule vilitokea hivyo hivyo, juu ya jiwe la kufulia, saizi sawasawa. Sijui alimpima mguu lini.

Sasa nieleze lile jiko, maana bila jiko ningekuwa sina la kumwandika zaidi ya mgongo.

Mume wangu alikuwa mpishi kwenye kambi moja ya watalii, njia ya Idodi kwenda hifadhini. Mimi nilikuwa nafua mashuka kambini hapo hapo, ndiko tulikokutana. Tulipooana nilikuja kukaa Uyole, yeye akawa anakuja likizo. Kambi ilipopata jiko jipya la piza, walimwachia la zamani. Ni jiko la chuma lenye mgongo wa duara na miguu mifupi minne, mdomo wazi mbele, jiwe bapa ndani, na nyuma kuna moto wa gesi unaopanda ukutani na kukunjika kwenye dari. Linatumiwa nje, si ndani ya nyumba. Alilipakia kwenye basi Iringa mjini, na konda akamwuliza kama ni banda la kuku la kisasa.

Alisema ameacha kazi ya mbali, sasa tutaoka piza nyumbani na kuwauzia watu wa Uyole. Tulioka Jumamosi tatu. Alinifundisha kukanda unga wa ngano na hamira, kuuacha uumuke, kuupasua madonge, kupasha jiko dakika ishirini mpaka jiwe likidondoshewa maji liyarushe. Alinifundisha kunyunyiza sembe kwenye ubao wa mpini ili piza iteleze. Na alinifundisha jambo moja kwa ukali, yeye ambaye hakuwa mkali: upepo ukizima moto, usiwashe tena papo hapo. Gesi inakuwa imejaa tumboni mwa jiko. Funga, hesabu mpaka mia, ndipo uwashe.

Jumamosi ya nne alikuwa hospitali. Aliugua siku tisa.

Sitaandika mengi kuhusu msiba. Nitaandika tu kwamba pale kaburini baba mkwe alisimama upande wa pili akiwa amenipa mgongo, na nilimchukia. Nilijua desturi, lakini nilimchukia. Nilisema moyoni, huyu mzee mtoto wake ndiye mume wangu, na leo ameshindwa hata kugeuka. Jiko tukalifunika turubai, likakaa stoo mwaka mzima. Mimi nilitaka liuzwe. Nilimwambia mama mkwe, naye akalifikisha kwa mzee, jibu likarudi: "Amesema bado."

Wakati huo kaka yangu alikuwa ameanza kunipigia simu kutoka Nyololo. Kila wiki swali lilikuwa moja: "Dada, hapo unakaa kama nani?" Mume hayupo. Mtoto ni wa kwao, sawa, lakini mimi? Kwetu kuna chumba, kuna shamba la mama. Nilimjibu kwamba sijafukuzwa. Akasema, "Sikuulizi kama umefukuzwa. Nauliza kama kuna mtu amekuambia kaa."

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Mama mkwe alinipenda, lakini neno la nyumba lilikuwa la mzee, na mzee hakuwa na ruhusa ya kusema na mimi. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake. Hata kama lingekuwa nenda, ningejua nafunga vitu vyangu vipi. Usiku nilikuwa nakaa na swali hilo, mchana nalima nalo.

Jumamosi moja, mvua za masika zikiisha, nilisikia funguo upande wa stoo, kisha chuma kikiburutwa. Nilichungulia dirishani. Mzee alikuwa amelitoa jiko, ameliweka uwanjani juu ya meza ya mbao, analipangusa vumbi kwa soksi ya zamani. Alizunguka nyuma, akarudi mbele, akaingiza kichwa mdomoni mwa jiko kama mtu anayemkagua ng'ombe meno. Mama mkwe akaja mlangoni kwangu.

"Baba yenu anauliza hili dude linawashwaje."

"Mama, siwezi kutoka. Yupo pale."

"Nimemwambia hivyo. Amesema jiko la mkamwana ni lile la ndani. Huko haingii. Hili liko uwanjani, na uwanja ni wa wote."

Nilimwuliza kama desturi inasema hivyo. Mama mkwe akainua mabega. "Desturi ilitungwa kabla ya gesi."

Basi nikatoka. Alikuwa ameshapanga: meza yenye jiko katikati, kigoda chake upande mmoja kikitazama barabara, changu upande wa pili kikitazama migomba. Mama mkwe akasimama pembeni ya meza, na ndivyo masomo yalivyoanza.

"Mwambie mama Tumaini gesi nimefungua."

"Amesikia, mzee, hana pamba masikioni."

"Mwambie."

"Mama Tumaini, gesi imefunguliwa."

"Mama, mwambie kwanza apake sabuni kwenye mpira, kwenye maungio, aone kama inavuja."

"Mzee, sabuni."

"Ya kufulia au ya kuogea?"

"Mama Tumaini, ya kufulia au ya kuogea?"

"Yoyote, mama. Yenye povu."

"Mwambie nimepaka. Mwambie hakuna povu linaloinuka."

Mama mkwe akakaa chini kwenye nyasi. "Mimi sasa nimekuwa mnara wa simu," akasema. "Semeni, mimi nitaitikia tu."

Baada ya Jumamosi chache ndivyo ilivyokuwa. Mzee aliongea na barabara, mimi niliongea na migomba, na mama mkwe katikati, akichambua mboga, alisema "mm" kwa wote wawili ili mambo yawe halali. Siku akienda kwenye vikao vya akina mama kanisani, jiko halikuwashwa.

Alijifunza vizuri kuliko nilivyotegemea. Nilizoea kupasua madonge kwa macho; yeye aliyapima. Gramu mia mbili na hamsini kila mtu, mkubwa kwa mdogo, na kama donge lilizidi gramu tatu alilimega, akaibandika ile chembe kwenye jingine. Uyole ni baridi, na Juni unga hauumuki upesi, kwa hiyo alilifunika beseni kwa lile koti lake la kijivu, akakaa na shati. Mama mkwe alisema katika ndoa yao yote hajawahi kufunikwa koti hilo. Nilipotoa maelekezo ya kuhesabu mpaka mia moto ukizimika, aliyarudia neno kwa neno, na kila upepo ulipozima moto nilimsikia akihesabu kwa sauti, bila haraka, moja mpaka mia, kama anahesabu malori. Kuna siku upepo wa mlimani ulizima moto mara tano. Alihesabu mia tano. Piza tulikula saa kumi.

Hakuwa mtu wa kueleweka moja kwa moja. Mpira wa gesi aliupaka sabuni mara tatu, lakini pikipiki yake ilikuwa na breki moja tu na aliiendesha mpaka mjini. Alioka piza kila Jumamosi na jibini hakuila. Alisema inanuka tairi. Yake aliitandaza nyanya, vitunguu na dagaa, na mvua za kwanza zikianza aliongeza uyoga, akaila pembeni, kwenye sahani yake ya bati, mgongo kwetu. Aliwakataza mabinti zake kupika kwa gesi kwa sababu ni hatari. Aliishika sana desturi ya wakwe, na hakuna binti yake hata mmoja aliyemfundisha kuishika huko alikoolewa. Mama mkwe alipomwuliza kwa nini, alijibu, "Kila mtu na mzigo wake wa kuvusha."

Watu walisema, bila shaka. Jirani yetu mmoja, mzee wa Kisafwa mwenye shamba la viazi, alisimama kwenye uzio akamwambia, "Shemeji, mwanaume mzima unapika, tena na mkamwana?"

"Sipiki," baba mkwe akasema. "Napima. Anayepika ni yeye."

"Na hicho kinachotoka humo ni nini?"

"Ni mkate uliosahau kuvimba. Njoo uonje."

Jirani alionja. Alisema ni chakula cha watu wasio na meno. Jumamosi iliyofuata alikuja na vitunguu vyake na kigoda, na baada ya hapo hakuwahi kukosa. Kuuza hatukuuza hata moja. Kila nilipogusia, jibu lilipitia kwa mama mkwe kwamba kwanza tuive. Nadhani sasa kwamba hakutaka kuuza. Alitaka Jumamosi iwepo.

Mimi katika hayo yote nilikuwa napata nafuu. Siwezi kusema nilikuwa na furaha, lakini kulikuwa na siku ambayo mikono yangu ilijua la kufanya. Ila swali la kaka halikuondoka. Niliweza kumsikia mzee akiongea na barabara kuhusu hamira, joto, sembe, dagaa. Kuhusu mimi, hakuna. Nilijua uzito wa donge langu. Sikujua kama nahesabiwa.

Kaka alichoka na simu. Alikuja mwenyewe, Jumamosi, kwa basi la asubuhi, na begi kubwa la turubai ambalo lilikuwa tupu. Niliona limejikunja chini ya kwapa lake nikajua lilikuja kwa ajili ya vitu vyangu.

Jiko lilikuwa limeshawashwa. Alisalimia kwa heshima, maana kaka yangu ana heshima. Kwa mzee alisema shikamoo, akapewa kigoda, akapewa chai. Akamaliza chai. Kisha akasema mbele ya watu wote, jirani wa Kisafwa naye akiwepo:

"Mzee, nimekuja kwa wema. Dada yangu ni mjane mwaka wa pili sasa. Ninyi mna desturi zenu, sizivunji. Ila sisi kwetu tunauliza: hapa anakaa kama nani?"

Mama mkwe akaacha kuchambua mboga. Mimi nilikuwa nimesimama na ubao wa mpini mkononi, piza ya kwanza ikiwa juu yake. Baba mkwe alitazama barabara.

"Mgeni asubiri kwanza ale," akasema.

"Nitakula, mzee. Lakini na jibu nalihitaji. Basi la kurudi ni saa nane."

Malori yalikuwa yanapita. Nilisubiri, na nadhani sijawahi kusubiri kitu hivyo, hata kule hospitali. Mzee aliweka donge kwenye mizani, akalitoa, akaliweka tena.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Upepo ulipiga ukazima moto na sikuona ulipozima. Macho yangu yalikuwa kwenye mgongo wa yule mzee nikiungoja useme kitu. Nilipogeuka, jiko lilikuwa jeusi ndani na gesi inapuliza. Sikufunga. Sikuhesabu. Mimi mwenyewe niliyemfundisha, nilichukua kiberiti, nikainama mdomoni mwa jiko, uso mbele.

"Mwanangu, acha!"

Kilichofuata ni mkono. Alikuwa ameizunguka meza, sijui kwa miguu ipi, amenishika kifundo cha mkono na kukivuta, kiberiti kikaanguka kwenye nyasi, ubao ukaanguka, piza ikaanguka kifudifudi. Kwa mkono mwingine alifunga mtungi.

"Mia," akasema. Alikuwa anahema. "Hujahesabu mia. Unataka niwazike wote wawili? Mtoto wangu mmoja nimeshamzika. Huyu aliyebaki na yeye anataka kuingia jikoni na uso?"

Nilitazama chini. Niliona viatu vyake, na mkono wake kwenye mkono wangu. Kisha naye akaona mkono wake ulipo, akauachia taratibu, akarudi upande wake, akakaa, akatazama barabara. Tukamsikia anaanza: "Moja. Mbili. Tatu."

Tulimsubiri mpaka akafika mia. Wote, hata jirani. Alipofika, mama mkwe akakohoa.

"Mzee. Umemshika mkamwana mkono mbele za watu. Umesema naye."

"Nimesema naye."

"Hiyo ni faini ya kuku."

"Nitatoa kuku."

"Mkubwa," jirani akadakia. "Kwa kelele ile, jogoo."

"Usiniambie mkubwa," baba mkwe akasema.

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka, akajifunika kanga usoni. Kaka yangu alikuwa bado ameshika kikombe kitupu. Aliniangalia, akamwangalia mzee mgongoni, akaweka kikombe chini.

"Basi," akasema. "Nimesikia."

Alikula piza mbili. Nilipomsindikiza kituoni, lile begi lilikuwa limejaa maparachichi, mama mkwe ndiye aliyelijaza. Kaka alilibeba kichwani akilalamika kwamba amekuja kubeba dada, anarudi na matunda. Kabla hajapanda akasema, "Yule mzee anaogopesha." Nikamwambia hajawahi kuniogopesha. Niliposema hivyo ndipo nilipoona kwamba ni kweli.

Kuku alitolewa Jumamosi iliyofuata. Kilo moja na gramu mia tisa, kabla ya kunyonyolewa manyoya. Tulimchemsha, tukamchambua nyama, tukamtandaza juu ya piza, na mzee aliniambia, akiitazama barabara lakini bila kupitia kwa mtu, "Chumvi imepungua." Hilo ndilo neno lake la pili kwangu. Niliongeza chumvi.

Wengine watadhani baada ya hapo desturi iliisha. Haikuisha. Aliendelea kutikisa funguo, na mimi nikaendelea kukohoa. Kigoda chake hakikugeuka na sahani yake ya bati ilibaki pale pale. Ila sasa alinisemesha, maneno machache kwa siku, akiyatuma kando kando, kama mtu anayesukuma kitu juu ya meza bila kuangalia. "Mtungi unaisha." "Mvua inakuja." "Tumaini amefaulu hesabu, ni za kwangu hizo." Nilikuwa najibu, "Ndiyo." Sikuwahi kumwita kitu chochote. Sikujua nimwite nini. Hivyo tukaenda miaka mingine miwili, na ilikuwa miaka mizuri.

Mwaka huu Mei miguu yake ilianza kuvimba, na kifua kumbana. Aliacha pikipiki bila kuambiwa, ndipo tulipojua anaumwa kweli. Walimrudisha kutoka hospitali na dawa nyingi, akawa anakaa barazani kwenye kiti cha mikono, blanketi magotini, akitazama ukuta wa stoo kwa sababu mimi nilikuwa napita upande wa uwanja. Nilimwambia mama mkwe ninaweza kupita nyuma. Jibu likarudi: "Amesema pita unapopita."

Jumamosi ya mwisho ya Juni mama mkwe alikwenda kanisani kwa akina mama. Kwa sheria yetu jiko halikupaswa kuwashwa. Lakini mzee alikuwa hajala tangu juzi, na nilitoka nikawasha. Nilipaka sabuni mara tatu. Nilipima madonge mawili. Moto ulizimika mara moja, nikafunga, nikahesabu kwa sauti ili asikie, na nilipofika themanini nikasikia na yeye anahesabu kule barazani, sauti ndogo. Tulimaliza mia pamoja.

Nilitengeneza moja kubwa kwa madonge yote mawili. Upande mmoja dagaa, upande mmoja jibini. Niliipeleka barazani kwenye ubao, nikaiweka juu ya kile kimeza cha mizani, nikachukua kisu ili nikate katikati, yake niitie kwenye sahani ya bati.

"Acha," akasema. "Usihamishe."

Nikaacha.

"Nigeuzie hiki kiti. Nimechoka na ukuta."

Kiti kilikuwa kizito na yeye alikuwa mwepesi. Nilikigeuza nikiwa nimeinamisha kichwa, mpaka magoti yake yakaelekea upande wangu, ubao katikati yetu. Nikakaa kwenye kigoda. Nilitazama blanketi.

"Inapoa," akasema.

Nikainua macho.

Picha yake ya ujana ipo sebuleni, amesimama kwenye mizani na kofia ya kazi, na katika picha ile hafanani na mtu ninayemjua. Kwa hiyo sikuwa nimejiandaa. Nyusi zilikuwa zile zile, za kushoto zikiwa juu kidogo. Mdomo ulikuwa ule ule. Macho yalikuwa ya mume wangu kabisa, isipokuwa yalikuwa ya miaka sabini na kitu, na ngozi yake imelegea, na ndevu nyeupe zimeota shavuni ambapo mume wangu alikuwa ananyoa. Nilimwona mume wangu akiwa mzee. Kitu nilichokuwa nimeambiwa sitakipata kamwe kilikuwa kimekaa kwenye nyumba ile ile kwa miaka yote, upande wa pili wa koti la kijivu.

Sikulia. Nilitazama tu, na yeye alikubali kutazamwa. Hakuharakisha.

"Jibini iko upande gani?" akauliza baadaye.

"Iko huku kwangu, baba."

Alinyoosha mkono, ukapita juu ya dagaa zake, ukachukua kipande cha upande wangu. Alitafuna polepole akinitazama.

"Inanuka tairi," akasema, na akachukua kingine.